Kikopo chini ya benchi

Jumapili moja ya Novemba, saa kumi na nusu jioni, giza likiwa limeshatanda kama ilivyo desturi ya Leeds, Uingereza, msimu huo, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya benchi la bustani ya umma, mkono mmoja ukipapasa chini ya ubao na wa pili umeshika simu iliyowashwa taa, gari la polisi liliposimama kando ya uzio. Nilikuwa katika mchezo wa kusaka vyombo vilivyofichwa, na nilichokuwa nakitafuta ni kikopo cha filamu ya kamera kilichonatishwa kwa sumaku, ambacho ndani yake hamna kitu ila kijikaratasi kilichoviringishwa ili kila anayekipata aandike jina na tarehe. Jaribu kumweleza hivyo askari usiyemfahamu, naye amekukuta katika hali ile. Mmoja wao aliandika jina langu, mwenzake akaniamuru nisiguse kitu, na tulisimama pale kwenye baridi karibu nusu saa hadi walipojiridhisha kwamba mchezo huo upo kweli.

Upo, na hata siku mchezo huo ulipozaliwa inajulikana. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alitangaza kwamba mawimbi ya setilaiti za GPS, mfumo wa kujua ulipo duniani, ambayo raia walikuwa wakiyapata yakiwa yamevurugwa kwa makusudi, yangeachwa yawe safi kuanzia usiku huo. Kipokezi kilichokuwa kikikosea kwa takriban mita 100 kikawa kinakufikisha karibu kabisa na unapotaka. Siku mbili baadaye Dave Ulmer aliificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatia ndani vitu kadhaa likiwemo kopo la maharage, kisha akatangaza namba za latitudo na longitudo kwenye intaneti ili mwenye kipokezi aende akaitafute. Leo jiokashi, kama tunavyoviita vyombo hivyo, zimepita milioni tatu duniani. Msituni ndoo haimsumbui mtu. Matatizo yalianza mchezo ulipohamia mjini, mbele ya mikahawa na chini ya madaraja.

Kisa kinachosimuliwa zaidi na wachezaji wa huku kwetu ni cha Wetherby, mji mdogo usio mbali na hapa nilipo. Mwezi Julai 2011 mtu mmoja alionekana akishughulika na kijisanduku cha plastiki karibu na mkahawa, polisi wakaitwa, mtaa ukafungwa, na wataalamu wa jeshi wa kutegua mabomu wakakilipua. Ilikuwa jiokashi. Wapo wachezaji ambao mpaka leo wanakisimulia kisa hiki kwa kicheko, wakiwashangaa polisi walioshindwa kutofautisha bomu na kibakuli cha kuhifadhia chakula.

Mimi sicheki. Mabomu yaliyoua watu 52 London tarehe 7 Julai 2005 yalitengenezwa katika nyumba moja hapa Leeds, na askari wa mkoa huu hawana haja ya kukumbushwa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki nasi tuna tarehe yetu, 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam. Nilipomsimulia mjomba wangu wa Tanga kwa simu, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, “Yaani baba, watu wazima mnaficha makopo njiani, halafu mnaona ajabu polisi wakija?” Sikupata jibu la kumpa, na bado sinalo.

Kwa maoni yangu kosa si la polisi wala la mpita njia aliyepiga simu. Kosa ni letu, kwa kuugeuza usiri kuwa ndio utamu wa mchezo. Kanuni zenyewe si mbaya: mwenye kuficha anatakiwa awe na ruhusa ya mwenye eneo, chombo kitambulishwe kwa maandishi, na maandishi ya kijeshi yafunikwe kwenye yale masanduku ya chuma ya risasi yanayouzwa kama mitumba ya jeshi. Lakini ruhusa inathibitishwa kwa neno la mfichaji mwenyewe, na anayekagua ni mtu wa kujitolea ambaye huenda yuko mbali na hajawahi kulitia mguu eneo lenyewe. Nimewahi kukuta kipande cha bomba la plastiki chenye vifuniko pande zote mbili kikiwa kimefungwa kwa waya kwenye nguzo ya daraja, bila hata neno moja juu yake. Aliyekiweka pale alifikiri nini, sijui.

Tena lipo jambo ambalo wenzangu wengi wa hapa hawalioni kwa kuwa haliwafikii. Tunafundishwa kutafuta kwa kificho, tujifanye tunafunga kamba za viatu mpaka watu wapite. Mstaafu wa Kizungu mwenye mbwa anaweza kuzunguka benchi lile mara kumi na asiulizwe. Mimi, mtu mweusi mwenye kofia ya koti kichwani, sikumaliza dakika tano. Nikijificha zaidi, ndivyo ninavyoonekana mhalifu zaidi, kwa hiyo siku hizi natafuta mchana, navaa koti la njano linaloonekana toka mbali, na mtu akinitazama namsalimia na kumweleza kabla hajauliza.

Jiokashi yangu mwenyewe ipo nyuma ya duka moja la baiskeli, katika kibati cheupe chenye maandishi makubwa yanayosema ni kitu gani na namba ya simu ya kupiga. Nilimwomba mwenye duka ruhusa kwanza, nikamfungulia kibati akaona kilichomo, na sasa akimwona mtu ameinama pale hugonga dirisha na kumwelekeza kwa kidole. Mchezaji mmoja aliandika kwenye daftari la humo ndani kwamba kwa mtindo huu hakuna raha yoyote iliyobaki. Sikuling'oa karatasi lake. Chini yake, kwa mwandiko wa mtoto, pameandikwa kwamba mwenye duka alimpa biskuti.