Dada wa Kijapani na Vitz ya Mama wa Masaki

Mke wangu alinipa masharti mawili tu: gari lisizidi milioni tano, na lisitulaze njiani. Lile la kwanza nililitimiza kwa ufundi mkubwa, nikabakiza hata laki mbili.

Hela yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Milioni tatu mkopo wa SACCOS ya walimu, milioni na nusu zamu yangu ya mchezo, laki tano iliyobaki niliuza matofali 400 niliyokuwa nimefyatua kwa ajili ya ukuta. Ndiyo maana hadi leo nyumba yetu pale Goba haina ukuta upande mmoja, na mbuzi wa jirani wanapita sebuleni kwa nje kama wapangaji.

Wanaojua soko la magari ya mkononi Dar watanielewa. Ukitaja milioni tano, madalali wanakuangalia kama mtu aliyeingia buchani akaomba mifupa ya mbwa. Toyota IST namba D? Wakacheka. IST namba C? Wenyewe wanaikalia kama kuku na mayai. Hapa kwetu gari kwanza huulizwa herufi ya kwenye kibao cha namba, kana kwamba ile herufi ndiyo cheti cha kuzaliwa, wakati inakuambia tu lilisajiliwa lini Tanzania. Vitz niliyoletewa mwisho wa msako ilikuwa namba C, mimi nikafurahi, bado kijana. Kwenye kadi imeandikwa imetengenezwa 2001. Yaani ilipokuja kwetu ilikuwa tayari imeshaishi maisha mengine.

"Bosi, hii ni kuwasha na kuondoka," dalali akaniambia. "Ilikuwa ya mama mmoja wa Masaki. Nyumbani, kanisani. Nyumbani, kanisani. Haijawahi hata kuvuka Kibaha."

Sasa kuna fundi mtaani kwetu ambaye kwa elfu hamsini angekuja kulikagua. Nikaona elfu hamsini nyingi. Nikamchukua mwalimu mwenzangu wa Fizikia kwa gharama ya chipsi mayai na soda.

Tulifika saa nne asubuhi. Nikagusa boneti, ya moto kama kikaango cha maandazi. Nikauliza mbona ina moto na tulikubaliana tuikute imezimwa.

"Nimeipasha kidogo, bosi. Gari ni kama mgeni, humkaribishi kwa maji baridi."

Mwalimu wa Fizikia akatikisa kichwa kuafiki. Leo najua kwamba gari bovu likishapashwa linaficha mambo yote: moshi wa asubuhi, kuwaka kwa shida, kutetemeka. Siku ile nilijua tu kwamba dalali ni mtu mkarimu.

Tukaingia ndani. Kilomita zilisoma 74,000. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia, kama kisigino cha kandambili za mlinzi. Siti ya nyuma imebonyea katikati kama kitanda cha gesti ya stendi. Nikamnong'oneza mwenzangu: "Kilomita sabini na nne elfu, pedali hii?"

Akafikiri. "Itakuwa mama wa Masaki alikuwa mnene."

Dalali akazungusha ufunguo, na hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Sauti ya dada, laini, yenye adabu zote, ikatoka chini ya dashibodi: ii-tii-shii kaado ga nini nini imasen.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anakukaribisha, bosi. Mjapani hana dharau."

Mwalimu wa Fizikia akasema yeye amesikia wazi neno kadi. "Anasema kadi ya gari iko salama." Nikaona basi, hata Japani wamethibitisha. Tukashindana bei kutoka milioni tano na laki sita hadi milioni nne na laki nane, na humo ndani dalali alikuwa na cha juu chake, kiasi gani anajua yeye na Mungu wake.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu. Redio ilishika stesheni mbili tu, maana redio za Kijapani mawimbi yake yanaishia 90, zetu nyingi zinaanzia hapo kwenda juu. Haikunisumbua. Kila asubuhi nawasha, dada anasalimia, mimi na mke wangu tunaondoka. Mke wangu ndiye aliyekuwa na wasiwasi kidogo. "Huyu mwanamke mbona anaongea na wewe tu?"

Jumanne ya wiki ya pili trafiki akanisimamisha pale Kimara. Akaingiza namba kwenye mashine yake, akaiangalia, akaniangalia, akaiangalia tena.

"Mwalimu, gari lako linadaiwa faini tisa."

Nikamwambia haiwezekani, gari nimelinunua juzi. Akanieleza kwa upole kwamba deni linafuata namba ya gari, halimfuati aliyekuwa ameshika usukani, na kwamba ningeweza kuliangalia kwa simu kabla sijanunua, bure. Elfu thelathini mara tisa, laki mbili na sabini. Zile laki mbili nilizobakiza zikaondoka na wenzake. Akanisomea na orodha. Mwendokasi, Chalinze. Kuovateki pasiporuhusiwa, Dumila. Kuzidisha abiria, Gairo. Kuzidisha abiria, Gairo. Kuzidisha abiria...

Mama wa Masaki, nyumbani, kanisani. Vitz ya silinda kama za cherehani ilikuwa mchomoko wa kubeba watu, wanne nyuma, wawili mbele, na mmoja sijui alikaa wapi. Ile siti haikubonyezwa na sala.

Nikalipa, sikumwambia mke wangu. Jumamosi mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Korogwe, na mimi nilikuwa nimeshaahidi kumpokea kwa gari langu.

Nilimkuta stendi ya Magufuli pale Mbezi akiwa na jogoo, mkungu wa ndizi, gunia la magimbi na kidumu cha maziwa ya mgando. Nikampakia nyuma kwa heshima, jogoo mbele na mimi, kwa sababu mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega. Nikawasha. Dada akasema maneno yake.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia. Kisha akaniambia: "Binti ana adabu huyu. Ni wa nani?"

Ningemweleza ningeanzia wapi? Nikasema ni wa gari. Akaridhika.

Barabara ya Mbezi kwenda Goba ina milima, na watu wenye magari mazima hawaijui kama ni milima. Tulipofika katikati ya mmoja, gari likaanza kupungua nguvu. Nikakanyaga. Likazidi kupungua. Taa yoyote haikuwaka, ndiyo maana niliendelea kukanyaga. Halafu boneti ikaanza kutoa moshi mweupe pembeni, jogoo akapiga kelele moja ndefu, gari likazima katikati ya njia.

Nikazungusha ufunguo. Dada: ii-tii-shii kaado.

"Marahaba."

Nikazungusha tena. Dada tena.

"Marahaba, marahaba."

Mara ya nne mama akasogea mbele kidogo. "Mwanangu, sasa imetosha. Nimeshaitikia."

Nikashuka nikafungua boneti. Rejeta inatokota kama sufuria la makande. Nikanyoosha mkono kwenye mfuniko nikiwa na kitambaa cha kufutia vioo, ndipo nikasikia sauti ya mtu aliyepika miaka arobaini: "Mkwe! Chungu kinachochemka hakifunguliwi hivyo!" Nikarudisha mkono. Sekunde chache baadaye mfuniko ukatema wenyewe maji yenye kutu, yakaruka hadi kwenye kioo cha mbele. Mwalimu wa Fizikia anafundisha mvuke na mgandamizo kidato cha tatu kila mwaka, ila aliyeninusuru uso ni bibi wa Korogwe.

Nyuma yetu foleni imeshajipanga, honi juu ya honi. Vijana wa bodaboda wakaja. "Mzee, tusukume uwashe?" Nikawaambia ni otomatiki, otomatiki haiwaki kwa kusukuma. "Basi tusukume uitoe njiani, elfu kumi." Mfukoni nilikuwa na elfu nne. Tukaanza kujadiliana, na wakati tunajadiliana nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa.

Nilipogeuka, mama mkwe ameshajifunga kanga kiunoni, viganja viwili kwenye buti, anasukuma.

Sina namna ya kuelezea hiki kitu kwa mtu asiye na wakwe. Nilimkimbilia, "Mama, mama, acha, tafadhali." Akanijibu bila kunitazama: "Shika usukani, baba. Lile lori linakuja." Lori lilikuwa linakuja kweli. Nikaingia, nikaweka nyutro, usukani mzito kama jiwe la kusagia, na kwenye kioo cha juu namwona mama wa mke wangu ameinama anasukuma Vitz, huku dereva wa daladala anampigia makofi. Vijana wa bodaboda wakaona aibu, wakaja kusaidia bure. Tulipofika pembeni, kutoka ng'ambo ya barabara ikaja sauti ya mtoto wa kidato cha pili: "Shikamoo mwaliimuuu!" Ameshika simu. Ameinua simu.

Usiku ule video ilikuwa kwenye kundi la ukoo wa mke wangu. Shemeji yangu mkubwa aliandika: "Binti tulikupa. Na mama pia tulikubaliana?"

Fundi wa elfu hamsini alikuja kesho yake. Akafungua mfuniko wa oili, ndani kuna uji wa rangi ya chai ya maziwa: maji yamechanganyika na oili, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Thamostati, ile ya kudhibiti joto la injini, haipo, mtu aliitoa akaunganisha. Akabandua dashibodi, akakuta nyuma ya zile taa za tahadhari pamebandikwa utepe mweusi, umekatwa kwa umakini, kazi safi kabisa. Akanionyesha kwamba ukifungua ufunguo bila kuwasha injini taa za tahadhari huwaka kwanza, kisha huzima injini ikishawaka; isiyowaka kabisa huenda imefichwa. Gasketi, kusawazisha hedi, thamostati, oili na ufundi: laki tano na themanini. Nikauza matofali mengine. Mbuzi sasa wanaingia pande mbili.

Dalali nilimpata baada ya siku sita. "Bosi, mimi ni dalali, siyo fundi," akasema, sauti ya mtu aliyeonewa. Kisha akachangamka: "Lakini kama umeichoka, nina mteja. Namwambia ilikuwa ya mwalimu. Nyumbani, shuleni."

Yule dada naye tulikuja kumwelewa. Mpwa wangu aliweka simu karibu na dashibodi, ikatafsiri. Kumbe kinachoongea ni kidude cha ETC, cha kulipia barabara za kulipia huko Japani, na anachosema kila siku, kwa adabu yote ile, ni kwamba kadi haijawekwa. Gasketi imekufa, kanyamaza. Faini tisa, kanyamaza. Anachodai yeye ni kadi ya barabara za Japani, katikati ya Goba.

Nikampigia mama mkwe kumweleza, nikijua atacheka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mkwe," akasema, "yule binti aliniamkia mara tano. Gari lako bovu usimsingizie mtoto wa watu."