Lionesheni kwanza tone lililotulia

Mvua ikianuka, chungulia jani la jimbi. Jani halirowi. Maji yamejikusanya tone la mviringo, ukilitikisa linateremka zima zima bila kufumuka. Nimekulia Pemba nikiyachezea matone hayo, na ndiyo yanayonifanya nisizikubali haraka picha za rangirangi za uigaji wa kompyuta, maji yakirukaruka hewani.

Kinacholishika tone ni mvutano wa uso, yaani nguvu inayoukaza uso wa maji kama ngozi. Tone la maji lenye nusu kipenyo cha milimita 1, kanieneo (msukumo kwa kila eneo) ya ndani inaizidi ya nje kwa paskali 144 hivi. Kompyuta inayoiga tone sharti iupate uwiano huo wa mvutano na kanieneo. Lakini yenyewe imeigawa nafasi vijumba vijumba, na inachojua ni kila kijumba kina maji kiasi gani. Mpindo wa uso, yaani jinsi uso ulivyojikunja, ambao ndio unaoamua nguvu ya mvutano, inaukisia. Mwaka 1992 Brackbill, Kothe na Zemach, wa maabara ya Los Alamos kule Marekani, walionesha namna ya kuugeuza mvutano kuwa nguvu iliyotandazwa kwenye ukanda mwembamba wa vijumba vya mpakani. Ni njia nyepesi, ikaenea kila mahali.

Niliijaribu. Tone moja, hakuna upepo, hakuna uvutano wa dunia. Maji yalipaswa kutulia tuli. Punde vishale vinavyoonesha kasi ya maji vikachomoza pembezoni, vinazunguka jozi jozi, kama kuna mtu anakoroga: mikondo bandia, iliyozuka kwa makosa ya hesabu. Nikavifanya vijumba viwe vidogo zaidi. Vishale vipo palepale, na kazi imezidi, maana ukikata upana wa kijumba nusu, hatua ya muda (kipande cha muda ambacho kompyuta inakiruka kwa kila hesabu) nayo lazima ipungue takriban mara 2.8. Dawa yake ni kuukadiria mpindo vizuri, kwa kupima kimo cha maji safu kwa safu, na kuikokotoa kanieneo na nguvu ya mvutano kwa namna moja, mahali pamoja, zifutane.

Kwa hiyo nasema: mwanafunzi asituoneshe wimbi kabla hajatuonesha tone lililotulia, na kasi ya mikondo hiyo bandia aitaje kwa tarakimu.

Hapa kwetu jambo hili si la darasani tu. Makonyo ya karafuu yakipikwa kwa mvuke, mafuta hutoka pamoja na maji, kisha huzama kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Vitone vidogo ndivyo vinavyochelewa kuzama, na ndivyo mvutano unavyovitawala zaidi. Mtu akisanifu chombo cha kuyatenga kwa programu yenye mikondo bandia, kwenye skrini vitone vitachukuliwa na maji badala ya kuzama, na fundi atachomelea bati kwa vipimo vya mkondo usiokuwepo.