Mguu wa Mbolea

Aliyeniponza ni mbuzi. Wala si mbuzi wa kuonekana kwa macho, ni mbuzi wa maneno, aliyetajwa na shemeji yangu kwenye kundi la familia la WhatsApp. Siku hiyo mimi na mke wangu tulitangaza kwamba tutaadhimisha miaka 10 ya ndoa kwa kutembea: tunaanzia Isyonje, tunakatiza uwanda wa Kitulo, tunapita Bulongwa, tunashuka mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ndugu wengine waliandika "Mungu awatangulie". Shemeji, ambaye ni bwana shamba na hana masihara, aliandika: "Mkifika Matema kwa miguu, nachinja mbuzi. Nasema KWA MIGUU." Hizo herufi kubwa ni zake.

Sasa mimi ni mtoto wa Temeke. Mlima niliouzoea ni ngazi za ofisini, ghorofa nne, na hizo nazo nazipanda siku lifti ikigoma. Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kakua akishuka makorongo na kuni kichwani na mdogo wake mgongoni. Kwa hiyo mwenye haja ya maandalizi alikuwa mmoja tu, naye akajiandaa mpaka akavuka mpaka. Nilibeba hema, mfuko wa kulalia, jiko la gesi, filimbi ya kuitia msaada, na tochi mbili za kichwani, ya pili ikiwa akiba ya ya kwanza. Begi lilijaa hadi likaota shingo. Mke wangu alilizunguka mara moja kama mnunuzi wa viazi, akasema, "Baba watoto, hii ni lumbesa. Serikali imekataza."

Fahari yangu ilikuwa buti. Nilizipata mtumbani, za ngozi, za Kijerumani kwa mujibu wa muuzaji, soli nene kama tofali. Jamaa alizigonga moja kwa nyingine sikioni kwangu, akaniapia, "Bosi, hizi utazikwa nazo." Mke wangu yeye alivaa raba zake za siku zote, na kwenye begi akatia gambuti. Nilizicheka gambuti zile kuanzia Dar mpaka Mbeya. Nilimwuliza kama tunakwenda mlimani au kupalilia mpunga.

Siku ya kwanza sina la kusimulia ila kwamba nilipumua kwa sauti. Tulipanda katikati ya mashamba ya viazi na pareto, akina mama wenye vikapu wakitupita na kutupa pole, na usiku nililala nimevaa kila nguo niliyokuja nayo. Tochi zote mbili zilifanya kazi.

Siku ya pili tukawa juu, na hapo naomba niseme ukweli bila mzaha: Kitulo ni pazuri. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na ingawa watu huenda hifadhini kutazama simba, huku unatazama maua. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na orkidi peke yake ni 45. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua imeshiba, na majani yote yamechanua hadi macho yanashindwa pa kutua. Kijana aliyekuwa akituongoza hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitueleza tu kwamba viazi vya orkidi huchimbwa kwa wizi vikauzwa Zambia, wanakopika chakula kinachoitwa chikanda. Mke wangu akasikitika, halafu akauliza kinaliwa na nini.

Nilikuwa nimeinama kupiga picha ua moja la njano. Niliponyanyuka na kupiga hatua, nikasikia nyuma yangu mtu anapiga makofi. Pa! Nikageuka, hakuna mtu. Nikapiga hatua nyingine. Pa! Yule kijana akanitazama mguuni, akasema, "Kiatu kinaongea."

Soli ya kulia ilikuwa imeachia mbele na kufungua mdomo kama kambare. Tulimfunga kambare mdomo kwa kamba ya kiatu, akaufungua. Tukamfunga kwa kamba ya hema, kamba ikakata. Baada ya nusu saa soli yote ikabaki kwenye tope, mimi nikasonga mbele na ngozi ya juu peke yake, kama mtu aliyevaa kofia mguuni. Nilipoiokota na kuibonyeza, raba ya chini ilikuwa nzima, ila ile sehemu laini ya katikati ilimeguka vidoleni kama keki ya juzi. Soli ya kushoto nayo ilianza kukohoa. Kisha mvua ikaja.

Nilimwangalia mke wangu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe anavaa gambuti zake taratibu, bila kusema neno, na kutosema kwake kulikuwa kurefu. Gambuti zenyewe namba 38. Mimi navaa 43.

Tulijikokota hadi barabarani, karibu na nyumba za kijiji, tukamlipa kijana akashika njia yake. Likatokea Fuso limebeba viazi, linaelekea Isyonje, yaani kulekule tulikotoka. Nikasema, "Hatupandi gari. Kuna mbuzi."

"Sawa," akasema mke wangu, huku anamsimamisha dereva. "Mimi napanda. Ukifika Bulongwa nisalimie watu."

Kabla ya kupanda niliitundika ile soli kwenye nguzo ya uzio kando ya barabara. Nilimweleza mke wangu kwamba hiyo ni alama: safari haijavunjika, imesimama tu, tutarudi tuanzie palepale. Akasema, "Haya, mwanasheria." Utingo, aliyekuwa akinitazama mguu kwa huruma ya kweli, akachomoa kiroba kitupu, akanivisha, akakifunga kifundoni kwa kamba ya katani. Kiroba kilikuwa cha mbolea, na neno lenyewe liliangukia juu kabisa ya wayo, kwa herufi za kijani zinazosomeka kutoka mbali.

Tulikaa juu ya magunia chini ya turubai, na vibarua wawili waliokuwa wakitafuna mahindi ya kuchoma. Juu ya lumbesa mtu hakai, anajishikilia, maana kila kona viazi hubadilisha mawazo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kile kilima kilichonitoa roho jana yake, tulikishuka kabla yule kibarua hajamaliza hindi lake.

Isyonje nilipendekeza twende Mbeya mjini, tutafute gesti, tununue viatu, turudi kimyakimya kesho yake. Mke wangu alinitazama. "Nipite karibu na kwetu nikalale gesti kama mwizi?" Tukapanda Kosta ya Tukuyu. Mlima Rungwe ulikuwa kushoto, ndani ya wingu, umejifunika kama anayeona aibu kwa niaba yangu.

Niwaambie kitu kuhusu Tukuyu: kule mvua hainyeshi, inaishi. Tuliingia kwa mama mkwe jioni, tumelowa chapachapa. Mkwe mwenye adabu huingia ukweni na kitenge, sukari na viatu vilivyong'aa. Mimi niliingia na lumbesa mgongoni, buti moja inayokohoa, na kiroba. Mama alinipokea vizuri, akanishika mikono miwili, nami nikasema "Ndaga, mama," ambayo ndiyo akiba yangu yote ya Kinyakyusa. Kisha macho yake yakashuka kutoka kofiani, yakapita kifuani, magotini, yakasimama.

"Mkwe, hapo mguuni pameandikwaje?"

Nikajifanya sijasikia. Akachuchumaa, akasoma silabi kwa silabi: "M-bo-le-a." Akainuka, akatazama mvua nje, akanitazama mimi. "Basi kwa mvua hii, kufika kesho utakuwa umeota."

Nilikula ndizi na nyama ya kitimoto mpaka nikasahau mbuzi. Ila mbuzi hakunisahau. Asubuhi kundi zima lilikuwa linauliza: mko wapi? Mko hai? Shemeji akaandika neno moja tu, "Picha."

Hapa ndipo shetani alipovuta kiti. Nje kulikuwa na ukungu mzito kama wa Kitulo, tena bora zaidi. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavaa kofia na tochi kichwani, nikajipiga picha kuanzia kifuani kwenda juu, uso umekunjwa kama wa mtu anayevumilia. Nikaandika: "Siku ya 3. Kitulo, mita 2,600. Miguu inadai, moyo unasema twende." Nikatuma. Zikaja pongezi. Shangazi alitia mikono ya maombi tisa.

Dakika tano baadaye shemeji akairudisha picha yangu. Pembeni, nyuma ya bega langu la kushoto, alikuwa amechora duara jekundu. Ndani ya duara kulikuwa na jani la mgomba, kubwa, limenawiri. Chini yake ameandika: "Hongera shemeji. Huko juu ni baridi ya kuua mgomba, lakini wewe umeupata. Naomba mche, wizara itafurahi."

Nilikuwa bado natunga jibu, nikitafuta namna ya kusema kwamba hali ya hewa imebadilika duniani kote, ikaingia sauti ya mama mkwe. Mama yumo kwenye kundi, ila hajui tofauti ya kumtumia mtu mmoja na kutuma kwa ukoo mzima. Kila aliyebonyeza alisikia: "Mkwe, toka huko migombani unalowa bure, njoo unywe chai, inapoa."

Kuhusu mazungumzo yaliyofuata sitasema mengi. Kuna binamu alibadilisha jina la kundi likawa "Migomba ya Kitulo" na mpaka leo halijabadilishwa.

Shemeji alipiga simu. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema mapumziko si dhambi, uongo ndio dhambi, lakini mbuzi bado yupo, mradi turudi palepale tulipoachia. Nikamweleza juu ya alama yangu kwenye nguzo, akasema, "Vizuri sana," kwa sauti ya mtu anayeandika mahali.

Sokoni nilimwonyesha fundi viatu zile buti, akacheka kabla hajazishika. Alinieleza kwamba soli za aina hii zikikaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa zinajiozea zenyewe kwa unyevu wa hewa, nje zinang'aa na ndani ni unga. "Hizi zilikufa huko zilikotoka," akasema. "Wewe ulinunua maiti." Nikamkumbuka muuzaji wangu. Gambuti za namba 43 zilikuwa pea moja soko zima, nazo nyeupe pee, zile wanazovaa wachinjaji machinjioni. Mke wangu hakucheka. Aliniuliza tu kama tunakwenda mlimani au kuchuna ngozi.

Tukarudi kwa Kosta na bodaboda mpaka kwenye ile nguzo. Soli haikuwepo. Nikaanza kukagua nyasi kama mtu aliyepoteza pete, mara akapita mtoto wa miaka saba hivi akisukuma gari la waya kwa fimbo ndefu. Gari lilikuwa na matairi manne, meusi, yenye meno makubwa ya Kijerumani. Nilisimama nikamwangalia. Naye akaangalia gambuti zangu.

"Gari lako linakwenda?" nikamwuliza.

"Linafika Makete," akasema, akaondoka nalo kwenye tope, na kusema haki lilikuwa halitelezi hata kidogo.

Kutoka hapo hadi Bulongwa tulitembea kwa amani. Gambuti ni kiatu cha heshima, sitaongeza neno. Njiani tulikaribishwa ulanzi na wazee, maana masika ndio msimu wake. Nilikunywa kikombe kimoja, mke wangu viwili, na kilima kilichofuata kikawa kifupi.

Tatizo ni siku ya mwisho. Watu wote wanakwambia kushuka ni rahisi. Kutoka milima ya Livingstone kwenda Matema unashuka mpaka ziwani, ambako mwinuko juu ya usawa wa bahari haufiki hata mita 500, na sehemu nyingine njia imesimama kama ukuta. Ziwa unaliona asubuhi, buluu, limetulia. Mchana unaliona. Alasiri unaliona, lipo palepale, kama mshahara. Kufika saa nane magoti yangu yalikuwa yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Nikajaribu kushuka kinyumenyume. Nikajaribu upandeupande kama kaa. Mwishowe nikaketi chini, nikakumbatia lumbesa kifuani, gambuti nyeupe mbele, nikateleza kwa makalio, kituo hadi kituo. Suruali ikatatuka "kwaaa". Nikasikia juu yangu mke wangu amenyamaza sana. Nikatazama juu: simu iko mkononi, anarekodi. Nilimwapisha kwa jina la ndoa yetu kwamba video ile haitaonwa na kiumbe.

Jioni tulikanyaga mchanga wa Matema. Niliingia ziwani na gambuti zangu, mke wangu akanipiga picha, mawimbi, milima nyuma, kila kitu. Nikaituma: "Tumefika. KWA MIGUU."

Shemeji akajibu, "Leo mmepanda gari gani?" Binamu akaongeza kwamba ufukwe huohuo mtu anafika kwa gari la kupitia Kyela, tena na soda mkononi. Shangazi hakutuma mkono hata mmoja.

Nilikaa mchangani robo saa nzima. Kisha nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa akipatana bei ya chungu cha Wakisi, chungu ambacho nilijua vizuri nani atakibeba.

"Mama watoto," nikamwambia, "ile video. Itume."

"Una uhakika?"

"Itume."

Ikatumwa. Mama mkwe akajibu kwa sauti ya dakika mbili, yote kicheko, mwishoni akauliza suruali ile atashona nani. Shemeji alikaa kimya muda mrefu, nikajua anaiangalia upya, kwa makini, kama anavyokagua shamba. Kisha akaandika:

"Nimeamini mmeshuka wenyewe. Dada yangu kashuka kwa miguu, nusu mbuzi ni yake. Wewe shemeji nimeirudia video mara tatu. Miguu yako sijaiona ikitumika."