DNA inayojijenga yenyewe: ishara inakua kweli, ila inavuja

Watu wakisikia DNA inaweza kujipanga yenyewe na kukuza ishara kwenye bayosensa (kifaa cha kugundua vitu kama virusi) bila kimeng'enya chochote, wanaona PCR, ile njia ya maabara ya kunakili DNA kwa kimeng'enya, imeshazeeka. Mi naona tusikimbilie huko.

Njia inayotajwa sana ni HCR (hybridization chain reaction, yaani vipande vya DNA kuungana kwa mnyororo), ya watafiti Dirks na Pierce, 2004. Unakuwa na aina mbili za vipande vya DNA, kila kimoja kimejikunja kama pini ya nywele, vinaelea pamoja kwenye maji ya chumvi, joto la kawaida la chumba, na havishikani maana kila kimoja kimejifunga. Sasa akija mgeni, tuseme kipande cha RNA ya kirusi, anashika kile kimkia kifupi cha pini ya kwanza kilichobaki nje, anaifungua, nayo ikishafunguka inafungua ya pili, ya pili inafungua nyingine ya aina ya kwanza, hivyo hivyo mpaka mgeni mmoja anajikuta na mnyororo mrefu nyuma yake. Pini zikiwa na rangi inayong'aa, kitu ambacho ungekikosa sasa unakiona.

PCR yenyewe inataka upandishe joto hadi nyuzi 95 hivi, ushushe, urudie kama mara 30, so kutohitaji hayo yote si kitu kidogo. Ila PCR kila mzunguko inazidisha mara mbili, kwa hesabu za karatasini mizunguko 30 ni nakala zaidi ya bilioni moja, wakati HCR inaunga pini moja moja mwishoni mwa mnyororo. Hiyo si mechi ya uzito mmoja. Kuna wanaotengeneza minyororo yenye matawi ili kasi ipande, sawa, lakini na kelele, yaani mwanga wa uongo, inapanda nayo.

Maana pini zinavuja. Tyubu ambayo haina mgeni kabisa ilitakiwa ibaki giza, lakini ukiiacha muda nayo inaanza kung'aa kidogo kidogo, hasa vipande vikiwa vimetengenezwa na makosa. Mi tyubu hiyo ndo naiangalia kwanza, kabla hata ya kusoma watafiti wanajisifu wamegundua kiasi kidogo namna gani. Halafu weka kwenye seramu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda, ambako vimeng'enya vya kukata DNA vimejaa tele, uone.

Kwenye picha za tishu hapo sibishani, mnyororo unabaki umeng'ang'ania pale pale RNA ilipo, na huo ukuaji wa polepole unasaidia, maana mwanga unaendana na idadi. Kwa tone la damu nasubiri kwanza nione tyubu isiyo na mgeni, ila yenye seramu, sio ya maji safi ya chumvi.