Bolti ya Nne

Nina urefu wa futi sita na inchi tatu, na nimenunua gari la spoti la watu wawili ambalo turubai lake likifungwa linanifika kwenye nyusi. Msinicheke bado, wekeni kicheko akiba.

Ni Mazda Eunos Roadster ya 1991, cc 1600, gia za mkono. Nje ya Japani wengi wanalijua kwa jina la MX-5. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti, ukiwasha zinachomoza, kwa hiyo watoto wa mtaa wetu hapa Tanga walilibatiza Chura siku ya kwanza tu na jina limeganda. Kufikia 2016 Mazda walikuwa wameshayaunda milioni moja. Katika milioni yote hiyo, sidhani kama kuna hata moja alilopimiwa mtu wa ukoo wetu. Nikifunga turubai naendesha nimelaza kichwa begani, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani.

Dawa yake inajulikana. Unatoa kiti, unavua kitambaa, unakata sponji ya kukalia vidole vitatu hivi, unarudisha. Kiti chenyewe kimeshikwa na bolti nne tu, zote spana 14. Nilimwambia mke wangu nitakuwa nimemaliza kabla ya chai ya saa kumi. Alikuwa anafunga kilemba kwenda harusini, kile kikubwa cha kijani kinachomwongezea nusu futi, naye si mfupi. Akanitazama kupitia kioo, hakusema kitu.

Mbili za mbele zilitoka kwa adabu. Nikavuta kishikio, nikasukuma kiti mbele mpaka mwisho ili nifikie za nyuma. Ya ndani, upande wa gia, ikaguna kidogo, ikatoka. Saa nane na robo. Nikaanza kupiga mluzi.

Ya nne ilikuwa ya nje, karibu na mlango. Hapa nieleze kidogo. Maji ya mvua yanayoshuka kwenye turubai la gari hili huingia vitundu viwili nyuma ya milango, kimoja kila upande, yanateremka na vijibomba na kutokea chini, mbele ya tairi za nyuma. Vitundu vikiziba, maji hayapigi hodi. Yanaingia ndani na kufanya makazi chini ya zulia. Na mimi naegesha chini ya mwarobaini. Nilipofunua zulia nilikuta majani ya kuchemshia kata nzima, na katikati yake bolti yenye rangi ya hina ya bibi harusi.

Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Bolti hii ilikuja 1991 na haikuwa na safari.

Nikaimwagia mafuta ya taa, nikaigonga kichwa kwa nyundo, nikasubiri. Nikaweka boksi spana yangu ya 14, ile niliyoinunua kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote dukani. Ikapasuka ubavu mmoja.

Mlio ukamtoa jirani yangu barazani, mzee mstaafu wa reli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo haitaki hasira, mwanangu, yataka chuma. Ngoja."

Akaniletea ringi spana ya enzi zake, nzito, ukimpiga nayo mtu unashtakiwa kwa silaha. Imechapwa 9/16. Nikamuuliza kama itakaa. Akasema inakaa. Na kweli ilikaa, isipokuwa ilikaa na nafasi ya kupumua, kwa sababu 9/16 ya inchi ni milimita 14.29. Ukiwa unashona suruali, tofauti hiyo haina hata jina.

Nikachomeka bomba la mita moja kwenye mkia wa spana ili nipate nguvu, nikasimama nje ya mlango, bismillahi, nikasukuma. Ikasogea! Mzee akapiga makofi. Nikasukuma tena, ikasogea kwa ulaini zaidi. Mara ya tatu spana ikaruka, kifua kikagonga mlango, kiwiko kikatua katikati ya usukani na honi ikalia mpaka kuku wa mtaa wakahama.

Nilipochungulia, bolti iko palepale. Kilichosogea ni pembe zake. Kichwa chenye pembe sita kilikuwa kimekuwa duara safi, kama kifungo cha kanzu.

"Umeshaimaliza," mzee akasema, kana kwamba spana ilikuwa yangu. Akaichukua, akaifuta, akarudi barazani.

Sasa hapo hapana spana tena, ni kazi ya kuchomelea. Nikampigia fundi wa Ngamiani. Akasema mashine yake haitembei, nimpelekee gari. Mtu mwenye akili timamu angerudisha zile bolti tatu kwanza. Sina utetezi. Nilijiambia si mbali.

Tatizo la kwanza, kiti kilikuwa kimeng'ang'ania mbele kabisa. Reli zake nazo zilikuwa zimekunywa maji yaleyale. Kwa hiyo nilikaa magoti yakiwa pande mbili za usukani, mithili ya panzi. Turubai nimelifungua, maana kwa mkao ule kichwa kisingeingia, na kila mtu ananiona. Tatizo la pili ni kiti kushikwa na kona moja. Nikikanyaga klachi, najisukuma nyuma mwenyewe, kiti kinainua pua na kugeukia upande wa abiria, mguu unapoteza klachi, na gari linaruka. Nikikanyaga tena, linaruka tena. Watoto wakatoka mbio nyuma yangu, "Chura! Chura!" na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuwajibu.

Baiskeli zilinipita. Ya mwisho ilikuwa na magunia mawili ya mkaa, na mwenyewe akanipa pole.

Kwenye kona nikakanyaga breki. Kiti kikainama mbele, kifua changu kikalalia honi. Piii! Na kwenye kona ileile ulikuwa unapita msafara wa harusi, matarumbeta juu ya pikapu mbele. Waliposikia honi, na kuona gari dogo jekundu lililo wazi, wakadhani ni mwenzao. Kijana mmoja akanipungia niingie katikati. Nyuma kuna gari, mbele kuna gari, nikaingia. Wakisimama, nafunga breki, piii. Wakiondoka, naruka. Matarumbeta yakaanza kufuata mdundo wangu. Kutoka dirisha la Coaster iliyokuwa pembeni, kilemba cha kijani kilichomoza taratibu, kikanitazama, kikarudi ndani.

Nilijitoa kwenye msafara barabara ya 12, mbele ya karakana.

Fundi akaikagua bolti, akatikisa kichwa, akatafuta nati. Akashika kibano cha mashine, kisha akasita. "Tangi la mafuta liko wapi kaka?"

"Hapo nyuma ya kiti."

Akaweka kibano chini. Tukatoa betri, ambayo kwa gari hili iko kwenye buti, tukakunja zulia lote, tukalowesha magunia na kuyabananisha nyuma, mwanafunzi wake akasimama na ndoo ya mchanga akitetemeka. Fundi akachomelea nati juu ya kile kifungo cha kanzu. Ikawaka nyekundu, ikapoa. Joto lile ndilo linaloachanisha kutu, nguvu si hoja. Akaweka spana, akazungusha kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Ikatoka. Nzima, urefu wa kidole gumba, ikifuka moshi.

Nilifurahi mno, nikakinyakua kiti kwa mikono miwili na kusahau kwamba kina spika kwenye egemeo la kichwa, na spika zina waya. Siku hizi redio inaimba upande wa abiria tu.

Sponji ilikatwa, reli zikapakwa grisi, na bolti nne mpya zikafungwa. Jioni ile nilirudi nyumbani turubai limefungwa na shingo imenyooka.

Mke wangu alikuwa kibarazani, bado na nguo za harusi. Ya msafara hakuyagusa. Akafungua mlango wa abiria, akaketi, kilemba kikagota turubai na kulala upande.

"Na cha kwangu lini?"

Nikainama, nikafunua zulia la upande wake, nikaitazama bolti ya nyuma, ya nje. Hina tupu.

Nikamwambia kilemba kile, kusema kweli, hakikuwahi kumpendeza.