Umeshonwa nyuzi ngapi? Uzi mmoja au mafundo mengi baada ya kujifungua

Hapa Mombasa mzazi akirudi nyumbani na kichanga, kwanza huulizwa kama ni mume au mke. Swali la pili huja wanaume wakishatoka chumbani, tena kwa sauti ya chini: "Umeshonwa nyuzi ngapi?" Idadi hiyo ndiyo mizani yetu ya machungu. Nyuzi tatu, pole. Nyuzi nane, pole sana, na watu huanza kupangana zamu za kuja kumkanda.

Dada yangu alijibu, "Mmoja." Shangazi hakuamini, maana tulimsubiri nje ya wadi karibu nusu saa akishonwa. Lakini alisema kweli. Uzi ulianzia ndani ya uke, ukashuka kwenye misuli ya msamba, yaani kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukarudi juu ukipita chini ya ngozi, ukafungwa. Wifi yangu yeye alijifungua miaka miwili kabla, hospitali nyingine, akashonwa fundo moja moja. Siku ya tatu nilimkuta ameketi tako moja ukingoni mwa kitanda, leso imekunjwa chini yake, ananyonyesha huku ameuma meno. Akaniambia ni kama amekalia miba ya tasi.

Wazazi wawili si ushahidi, najua. Ila walinifanya niulize kwa nini wanawake wa mji mmoja, wenye jeraha la aina moja, washonwe tofauti.

Mipasuko haifanani. Wa daraja la kwanza ni wa ngozi, na mara nyingi ukiachwa hupona wenyewe, kama kingo zimekutana na damu haitoki. Wa pili umeingia kwenye misuli ya msamba. Mjadala uko hapo, pamoja na jeraha la aliyeongezwa njia kwa mkasi. Wa tatu na wa nne umefika kwenye misuli inayobana haja kubwa, na kazi yake ni ya chumba cha upasuaji na mtu mzoefu. Kwa hiyo mkunga asiyepima kwa kidole kule nyuma kabla ya kushona anaweza kufunga mpasuko wa tatu akidhani ni wa pili. Hapo hata mshono uwe mzuri vipi, mama ataondoka na tatizo lake.

Sasa tofauti yenyewe. Kwa njia ya mafundo, misuli na ngozi hufungwa pointi kwa pointi, kila fundo limejitegemea. Kwa njia ya mfululizo uzi haukatwi mpaka mwisho, wala haukazwi. Siku ya pili na ya tatu msamba huvimba. Nyama inapanda, fundo liko palepale, linauma. Uzi wa mfululizo uliolegezwa hugawa mvuto huo kote ulikopita. Aliyewahi kupinda leso kwa mkono anaelewa: ukikaza uzi, pindo linajikunja, ukiulegeza kidogo, linalala.

Mwaka 2002 jarida la tiba la Lancet lilitoa utafiti ulioongozwa na mkunga wa Uingereza, Christine Kettle. Wanawake 1,542 waligawanywa kwa bahati nasibu. Siku ya 10, asilimia 44 ya walioshonwa kwa mafundo walikuwa bado na maumivu. Kwa walioshonwa mfululizo, asilimia 26.5. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima kwa pamoja tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 16 na wanawake zaidi ya 8,000, yalielekea kulekule: maumivu na dawa za maumivu zilipungua, na wachache walihitaji kutolewa nyuzi. Lakini katika maumivu ya muda mrefu, na katika majeraha yaliyobidi kushonwa upya, hakukuonekana tofauti ya maana.

Wanaotetea mafundo hushika hapo, na hoja yao si ndogo. Faida ni ya siku chache, wanasema, na hatari iko kwenye uzi wenyewe: ukikatika, au fundo la mwisho likifyatuka, mstari mzima unaweza kuachia. Jeraha likitunga usaha, fundo moja hutolewa, mengine yakabaki. Halafu kuna mkunga wa saa tisa usiku, yuko peke yake, anamulikiwa kwa simu, na mwanamke mwingine anasukuma mtoto kwenye kitanda cha pili. Huyo atafanya kile mkono wake unachokijua, na sitamlaumu.

Hata hivyo nasimama na uzi mmoja. Hofu ya jeraha kufumuka haikuthibitishwa na majaribio hayo. Na hizo "siku chache" ndizo siku za kujifunza kunyonyesha, za haja kubwa ya kwanza, za kuinama kumwogesha mtoto. Kuna na la mfukoni: mshono wa mfululizo kwa kawaida hutosha pakiti moja, na sisi tuliowahi kutumwa duka la dawa usiku kununua uzi tunajua pakiti ya pili ina maana gani.

Sharti langu ni mafunzo. Njia hii haijifunziwi kwa mama aliyelala na miguu juu. Mkono uanze kwenye sponji, au kwenye ulimi wa ng'ombe kutoka sokoni, mpaka uzoee kuacha uzi ulegee, maana mfululizo uliokazwa huenda ukauma kuliko mafundo. Na ganzi isubiriwe ishike. Mama anayerukaruka kwa maumivu hashoneki vizuri kwa njia yoyote, na hapaswi kulazimishwa kuvumilia.

Kadi aliyorudi nayo wifi yangu iliandikwa tu kwamba alichanika na akashonwa. Ilipaswa kusema mpasuko ulikuwa wa daraja gani, ulishonwa vipi, na kwa uzi gani. Akirudi kliniki na usaha, au akishika mimba nyingine, anayempokea atayahitaji maneno hayo matatu. Na bibi anayemkanda naye aambiwe, ili akiona kipande cha uzi kimedondoka kwenye beseni asidhani jeraha limefumuka, na asishike ncha iliyobaki akaivuta.