Nimepanda feri kwenda kuangalia jiwe

Mtu wa Mwanza kusafiri mpaka Ujerumani halafu Jumapili anapelekwa kuangalia jiwe, yani hiyo peke yake ni kichekesho. Kwetu mawe tunaanikia nguo, tunajengea nyumba juu yake, watoto wanateleza mpaka kaptula zinatoboka nyuma. Ila ndo kilichonikuta Hamburg.

Mjomba niliyefikia kwake akaniambia asubuhi, "anko vaa malapa, leo tunaenda beach". Nikawaza beach gani tena, bahari yenyewe toka pale ni kama kilomita mia. Tukapanda feri namba 62 pale Landungsbrücken, tiketi ni ileile ya basi na treni hawakuongezi hata senti, tukakaa juu upepo unatupiga mpaka Neumühlen. Na kweli mchanga upo! Mto Elbe hapo unajaa na kupwa kama Ferry Dar vile, ng'ambo kreni za makontena zimejipanga kama twiga, upande huu watu wamelala kwenye mataulo na moshi wa nyama unapita, tukatembea mchangani kama dakika 20 hivi ndo tukalikuta.

Limekaa peke yake tu pembeni ya maji, kijivu, limechorwachorwa na spreyi. Tani 217, kwenda juu mita 4 na nusu, kulizunguka karibu mita 20. Mwaka 1999 walikuwa wanachimba mto uwe na kina meli kubwa zipite, chombo kikagota kitu, kumbe ndo hilo. Wataalamu wakalipima wakasema hii granaiti siyo ya hapa, ni ya Småland kule kusini mwa Uswidi, ililetwa na barafu zaidi ya miaka laki 3 iliyopita, ile barafu nene kama mlima inayotambaa polepole na kukokota chochote inachokuta, baadaye ikayeyuka na mzigo ikauacha hapohapo. Mwaka 2000 wakalibatiza Alter Schwede, yani Mswidi Mzee, na hayo maneno Mjerumani huyasema pia akishangaa, kama sisi tunavyosema "mama yangu!" Kwa utani wakalipatia na uraia. Mjomba hapo alicheka kicheko cha uchungu, "mimi makaratasi yangu miaka, hili limejilalia chini ya maji wakalifuata wenyewe".

Kilichonifurahisha ni kwamba hakuna uzio, hakuna dirisha la tiketi, hakuna mlinzi wa kukupulizia filimbi. Mwaka 2018 watu wasiojulikana walilipaka rangi ya dhahabu lote, mji mzima ukabaki kubishana ni sanaa au ni uhuni. Unapanda ukitaka. Nami kwa ile sifa ya kuzaliwa kwenye mawe nikavua malapa nikapanda, nikateleza mara mbili, kuna binti kama wa miaka 7 tayari yuko juu ananiangalia kwa huruma, mjomba akanisukuma kwa chini ndo nikafika. Nikiwa kule juu ikapita meli ya makontena ndefu kama mtaa, kimya kabisa, maji yakavutwa nyuma kwanza nikasema mbona yanakimbia, halafu yakarudi kwa nguvu na lapa langu la kushoto likaondoka nayo.

Tukarudi nikiwa na lapa moja. Karibu na Landungsbrücken tulikopandia feri kuna bustani, ukipanda kidogo unamkuta Bismarck, yule chansela wa Ujerumani wa enzi walipoanza kututawala, sanamu la mita 34 lilikamilika 1906, granaiti nalo, kashika upanga. Hapo ndo kichwa kikaanza kunizunguka. Kwa sababu jiwe la kwetu, lile lililobebana ziwani karibu na Kamanga ambalo nimelipita na pantoni utoto wangu wote, linaitwa Bismarck Rock. Halikuletwa na barafu wala na mtu, limezaliwa palepale. Jamaa mwenyewe Afrika hakuwahi kukanyaga hata siku moja! Yani Hamburg jiwe geni limekuja likaitwa kwa kwao, Mwanza jiwe mwenyeji likapewa jina la mgeni ambaye hata hakuja, na sisi hadi leo tunalichapa kwenye tisheti tunauza. Kwa kweli mimi hili jina limenichosha. Wakiitisha maoni kesho nalifuta, na jina jipya waachiwe wavuvi wachague, wao ndo wanaamka nalo kila siku.

Usiku nikamtumia mama picha nikiwa juu ya jiwe. Akajibu kwa voisi noti, "sasa mwanangu nauli yote hiyo umefuata jiwe? Na kiatu kingine kiko wapi?"